Azriel Rosenfeld na Handasa ya Nukta

Mwaka 1957, katika Idara ya Taifa ya Viwango iliyokuwa mjini Washington, Russell Kirsch na wenzake walichukua picha ya mwanawe mchanga wa miezi mitatu, picha ya sentimita 5 tu kila upande, wakaiviringisha juu ya silinda iliyozunguka mbele ya jicho la umeme, na kompyuta iliyoitwa SEAC ikaipokea kwa tarakimu tupu: nukta 176 kwa upana na 176 kwa urefu, kila moja nyeusi au nyeupe. Kwa ustadi wa vyombo kazi hiyo ilikuwa ya kupigiwa mfano, na wanahistoria wa kompyuta huihesabu kuwa mwanzo wa picha za tarakimu. Lakini mashine ile, baada ya kujazwa nukta karibu 31,000, haikuwa imemwona mtoto. Ilikuwa na orodha ndefu ya ndiyo na la, wala ndani ya orodha hiyo hapakuwa na shavu wala paji la uso, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekwisha kueleza, kwa maagizo ambayo mashine yaweza kuyafuata, ni lini kundi la nukta huwa kitu kimoja, kitu hicho huishia wapi, na kilicho nje yake huanzia wapi.

Maswali hayo yaonekana mepesi hata mtu mzima aweza kuona haya kuyauliza. Aliyeyauliza bila haya, akayashika kwa takriban miaka 40 mpaka yakawa elimu yenye misingi, vitabu, jarida na wanafunzi katika nchi nyingi, ni Azriel Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Maryland. Nami naandika habari zake kwa kuwa katika tarehe ya elimu hii watu hupenda kusimulia mashine na mafundi waliozibuni, huku wakimpita kwa haraka mtu aliyekaa kitako akaandika kanuni ambazo mashine hizo zote huzitii.

Rosenfeld alizaliwa New York tarehe 19 Februari 1931. Masomo yake yalikwenda kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na hakuiacha hata moja kwa ajili ya nyingine: katika Yeshiva University, chuo cha Kiyahudi mjini humo, alipata shahada ya fizikia mwaka 1950, na mwaka 1952 akapewa ijaza ya kuwa rabi, yaani mwanachuoni wa sheria ya dini yake, na katika Chuo Kikuu cha Columbia alipata shahada ya pili ya fizikia mwaka 1951, kisha udaktari wa hisabati mwaka 1957, kwa tasnifu ya aljebra ambayo haikuwa na uhusiano wowote na picha. Kanuni moja ya aljebra hiyo ingali ikiitwa kwa jina lake, nao wanahisabati wengi waitumiao hawajui kwamba mwenye jina ndiye yule yule anayetajwa katika maabara za picha. Kati ya mwaka 1954 na 1964 alifanya kazi katika makampuni ya vyombo vya umeme, na huko ndiko alikokutana na tatizo la kuifanya kompyuta isome picha. Mwaka 1964 alihamia Chuo Kikuu cha Maryland, kilichoko College Park, mwendo mfupi kutoka Washington, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2001.

Yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa mwaka ule wa 1964. Mwezi Julai chombo Ranger 7 kilipeleka duniani maelfu ya picha za uso wa mwezi kabla ya kujibamiza juu yake, na wataalamu wa California wakazisafisha kwa kompyuta. Madaktari walikuwa wakitafuta mashine ya kuhesabu kromosomu chini ya hadubini. Majeshi yalikuwa na marundo ya picha zilizopigwa kutoka angani, kuliko macho ya wapelelezi yalivyoweza kuzipitia. Na watu wa posta na benki walitaka mashine ya kusoma herufi na tarakimu. Kila kundi lilikuwa na hila zake, kila hila iliandikwa katika ripoti za kundi hilo, na mtu wa kromosomu hakuwa na sababu ya kusoma ripoti ya mtu wa mwezi. Rosenfeld alitambua kwamba wote hao, bila ya kujuana, walikuwa wakifanya kazi moja juu ya kitu kimoja, nacho ni jedwali la tarakimu lenye safu na mistari. Na kwamba jedwali hilo lilistahili kuchunguzwa kwa haki yake lenyewe, kama vile Wayunani walivyoichunguza duara na pembetatu pasipo kuuliza kwanza ni ya shamba la nani.

Tunda la kwanza lilitoka mwaka 1966, katika makala aliyoiandika pamoja na mwanafunzi wake John Pfaltz. Humo mna njia mbili ambazo hata leo, zikiwa zimeboreshwa, hufanya kazi ndani ya programu zinazotumiwa kila mahali, na ni vema nizieleze, kwa kuwa uzuri wake wauona anayezifuata hatua kwa hatua. Tuseme kuna umbo jeusi juu ya uwanja mweupe, nasi twataka kila nukta nyeusi ijue iko umbali gani kutoka kwenye nukta nyeupe iliyo karibu nayo zaidi. Mtu wa pupa angeichukua kila nukta nyeusi na kuipima na kila nyeupe, kazi ambayo ingeichosha kompyuta ya wakati ule mpaka asubuhi. Rosenfeld na Pfaltz waliipitia picha mara mbili tu. Katika safari ya kwanza, kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, kila nukta nyeusi huwatazama jirani zake wawili waliokwisha kupitiwa, wa juu na wa kushoto, huchukua ile hesabu iliyo ndogo na kuongeza moja. Katika safari ya pili, ya kurudi kutoka chini kulia, huwatazama jirani wa chini na wa kulia, na ikiwa hesabu yao pamoja na moja ni ndogo kuliko ile iliyonayo, huishika hiyo. Safari mbili zikiisha, kila nukta ina umbali wake kamili, hatua kwa hatua, wala hapana iliyokosea. Tena, nukta ambazo hazikupitwa kwa hesabu na jirani yeyote hujipanga katikati ya umbo kama kiunzi chake, na kwa kiunzi hicho, pamoja na hesabu zilizomo, umbo zima laweza kujengwa upya bila kupotea nukta moja.

Njia ya pili ni ya kuyapa majina makundi yasiyogusana, ili mashine iweze kusema kwamba hapa pana chembe saba za damu na pale pana tatu. Picha hupitiwa vile vile kwa mpango: nukta nyeusi isiyo na jirani mwenye jina hupewa jina jipya, yenye jirani mwenye jina hulirithi jina hilo, na ile inayokuta majirani wawili wenye majina mbalimbali huandika katika daftari kwamba majina hayo mawili ni ya ukoo mmoja; kisha safari ya pili husahihisha majina yote kwa kufuata daftari. Kwa sisi wa leo yaonekana jambo la kawaida. Lakini wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba kazi ya picha yahitaji mashine ya namna ya peke yake, yenye kuzishughulikia nukta zote kwa mpigo mmoja, na makala ile ilithibitisha kwa hoja za hisabati kwamba lolote lifanywalo kwa mpigo mmoja laweza kufanywa pia kwa kupita nukta moja baada ya nyingine kwa utaratibu, na aghalabu kwa gharama ndogo zaidi. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida alipata hapo ruhusa ya kuingia katika elimu hii.

Mwaka 1968 hao wawili walirudi kwenye suala la umbali wenyewe. Ikiwa katika jedwali huruhusiwi kwenda ila juu, chini, kulia na kushoto, duara, yaani mahali pote palipo na umbali sawa kutoka kitovu, hugeuka kuwa mraba uliosimama kwa ncha. Ukiruhusiwa kwenda kwa pembe pia, kama aendavyo mfalme katika sataranji, duara hugeuka kuwa mraba uliokaa kitako. Na ukizichanganya hatua za namna hizo mbili kwa zamu, wapata umbo la pembe nane, lililo karibu zaidi na duara ya kweli. Katika miaka ya 1980 Gunilla Borgefors wa Sweden aliiendeleza fikira hiyo kwa kuipa hatua ya pembe uzito wake yenyewe, na vipimo vyake vingali vikitumika.

Kwa fikira yangu, hata hivyo, kilele cha kazi ya Rosenfeld ni makala ya mwaka 1970 juu ya muungano wa nukta katika picha, na zile zilizoifuata katika miaka minne iliyoandamia. Katika karne ya 19 Mfaransa Camille Jordan alishughulika kuthibitisha jambo ambalo kila mtoto achoraye mchangani analijua, kwamba mstari uliofungika usiojikata huugawa uwanja sehemu mbili, ndani na nje, wala huwezi kutoka ndani kwenda nje pasipo kuuvuka. Katika uwanja wa nukta jambo hilo la yakini huingia mashakani. Chukua nukta nne nyeusi, moja juu, moja chini, moja kulia, moja kushoto, zikiizunguka nukta moja nyeupe iliyo katikati. Zile nne hazigusani ila kwa pembe. Ukikubali kuwa kugusana kwa pembe ni ujirani, nyeusi zote nne ni mzingo mmoja uliofungika. Lakini kwa hukumu hiyo hiyo nyeupe ya katikati nayo ni jirani wa nyeupe zilizo penye pembe za nje, basi imekwisha kutoka hali mzingo haukukatika. Ukikataa kuwa pembe ni ujirani, nyeusi nne ni vipande vinne vilivyotengana, hapana mzingo wowote, na hata hivyo nyeupe ya katikati imefungiwa isipate njia. Ama kuna ukuta usiozuia, ama kuna kizuizi kisicho na ukuta.

Dawa yake ni kwamba nyeusi na nyeupe zisihukumiwe kwa sheria moja: ikiwa nyeusi zinahesabiwa kuwa jirani kwa pande zote nane, nyeupe zihesabiwe kwa pande nne tu, au kinyume chake. Wazo hilo laweza kusemwa na yeyote kwa sentensi moja, na Rosenfeld hakuwa wa kwanza kulihisi. Alichofanya yeye ni kulithibitisha, akaonyesha kwamba kwa sheria hiyo ya upande mmoja nane na upande wa pili nne, kanuni ya Jordan hurudi mahali pake, na akalijenga juu yake jengo zima: nini maana ya tundu, nini maana ya mpaka, mpaka wafuatwaje kwa kuuzunguka mpaka kurudi ulikoanzia, na nukta ipi yaweza kuondolewa bila ya kulikata umbo au kulitoboa. Hii ya mwisho ina faida kubwa kwa wasomaji wa herufi na alama za vidole, kwa sababu mistari minene hukondeshwa kwanza mpaka iwe na unene wa nukta moja kabla ya kusomwa, na mkondeshaji asiyejua ni nukta ipi ya kuiacha hugeuza herufi moja ikawa mbili. Wako waliosema kuwa laiti jedwali lingeundwa kwa vyumba vya pembe sita, mashaka yote hayo yasingalikuwapo, kwa kuwa huko hapana kugusana kwa pembe tupu, nao wamesema kweli; Kirsch mwenyewe katika uzee wake alijutia nukta zake za mraba. Lakini mashine za dunia zilikwisha kuchagua mraba, na sharti mtu aujengee mraba sheria zake.

Mwaka 1974 ikafuata makala juu ya mstari ulionyoka. Mstari uchorwao kwa nukta huwa na vidato, basi kwa kipimo gani tutasema kuwa safu hii ya vidato ni mstari mnyoofu na ile si mnyoofu? Rosenfeld alitoa sharti moja: unganisha nukta zozote mbili za safu kwa uzi ulionyooka, na uzi huo usitengane na nukta za safu kwa kadiri ya hatua nzima mahali popote. Kutokana na sharti hilo akathibitisha yale ambayo mtafiti Herbert Freeman alikuwa ameyaona kwa uzoefu tu, kwamba katika safu nyoofu hapawi na mielekeo zaidi ya miwili, kwamba miwili hiyo huwa ya jirani, na kwamba mmoja wao hautokei mara mbili mfululizo.

Mambo mengine nitayapitia kwa ufupi, si kwa kuwa hayana thamani, bali kwa kuwa yaligeuzwa na wakati. Mwaka 1976, pamoja na Robert Hummel na Steven Zucker, alitoa njia ya kukisia majina ya sehemu za picha: kila sehemu hupewa kwanza majina kadhaa yawezekanayo, kila jina na kadiri ya uwezekano wake, kisha kila sehemu hurekebisha makisio yake kwa kuyaangalia ya jirani zake, tena na tena, mpaka yapatane. Mwaka huo huo yeye na wanafunzi wake walilinganisha njia mbalimbali za kupima umbile la ardhi katika picha za angani. Katika miaka ya 1980 maabara yake ilishiriki katika mpango wa serikali ya Marekani wa kuunda gari lijiendeshalo lenyewe barabarani kwa kuona. Kazi hizo zilisomwa na kutumiwa sana katika zama zake, na nyingi zimepitwa na mitandao ya neva inayojifunza yenyewe kutokana na mamilioni ya picha, hasa tangu mwaka 2012. Handasa ya nukta haikupitwa, kwa kuwa haikuwa makisio.

Sasa nije kwenye kazi ambayo haina kanuni hata moja ndani yake, nami naiona sawa na zile zenye kanuni. Mwaka 1969 Rosenfeld alitoa kitabu juu ya kushughulikia picha kwa kompyuta, cha kwanza cha kufundishia katika elimu hii. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la kwanza la fani hiyo. Na mwaka 1976, pamoja na Avinash Kak, alitoa kitabu kikubwa kilichosomwa vyuoni kwa miaka mingi. Pamoja na hayo, kila mwaka, tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi karne ilipokaribia kwisha, alikusanya makala zilizotoka juu ya picha na kompyuta, akazigawa kwa milango yake, akaichapa fahirisi. Makala zilizoorodheshwa zilifika maelfu kwa maelfu, na kwa muda mrefu mtafiti wa Japani, Italia au India aliyetaka kujua kama jambo lake limekwisha kufanywa na mwingine alianzia hapo.

Wenzake walistaajabia subira hiyo. Mimi naiona kuwa yatoka katika ule upande wa pili wa masomo yake. Mwanachuoni aliyelelewa katika elimu ya sheria ya Kiyahudi hufundishwa tangu ujanani kuitaja kauli pamoja na aliyeisema na aliyeipokea kwake, kama masheikh wetu wa pwani wanavyoitaja isnadi ya hadithi. Na mtu wa malezi hayo hawezi kuistahi elimu ambayo wenye kuifanya hawajui majina ya waliowatangulia. Aliendelea kuandika juu ya sheria ya dini yake maisha yake yote, na katika miaka ya 1960 aliongoza jumuiya ya wanasayansi wa Kiyahudi wenye kushika dini huko Marekani. Fahirisi ile iliipa elimu changa kitu ambacho pesa za serikali haziwezi kukinunua, nacho ni kumbukumbu ya pamoja, na hapana mtu mmoja leo awezaye kuifanya tena, kwa kuwa makala za mwezi mmoja zimekuwa nyingi kuliko za mwaka mzima wa wakati wake.

Mahali alipokaa palimsaidia. Greenbelt, mji ulio jirani na College Park, ndiko kulikokuwa na kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, na tarehe 23 Julai 1972 ilirushwa setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1, iliyoipiga dunia picha kwa tarakimu tangu mwanzo, kila nukta ikifunika takriban mita 80 za ardhi. Misitu, mito na mashamba yakaingia katika jedwali, na maswali ya ndani na nje, ya mpaka na tundu, yakawa maswali ya watu wa kilimo na ramani. Wanafunzi nao wakamjia. Aliwasimamia zaidi ya 50 katika shahada ya udaktari, akaandika au kuhariri vitabu zaidi ya 30 na makala zaidi ya 600, na mwaka 1983 akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha utafiti wa mashine zijiendeshazo katika chuo chake. Mwaka 1988 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya K. S. Fu ya jumuiya ya kimataifa ya utambuzi wa ruwaza, na tangu mwaka 2007 imekuwako tuzo iliyopewa jina lake, wapewayo wale waliotumikia elimu ya kuona kwa kompyuta umri wao wote.

Handasa aliyoianzisha haikubaki katika uwanja bapa. Mwaka 1971, mjini London, mgonjwa wa kwanza alichunguzwa kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ile inayoukata mwili kwa miale vipande vyembamba na kuvirundika katika kompyuta, na nukta ikapata kina, ikawa kijumba chenye majirani 6 kwa nyuso, 18 ukihesabu na kingo, na 26 ukihesabu na pembe. Mashaka ya ndani na nje yakarudi kwa ukali zaidi, kwa kuwa katika kina umbo laweza kuwa na tundu lipitalo toka upande hadi upande, na laweza vile vile kuwa na pango lililofungwa ndani lisiloonekana, nayo si mamoja kwa daktari anayetazama mshipa au mfupa. Rosenfeld alianza kuyatatua mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989, pamoja na T. Yung Kong, aliandika muhtasari wa elimu hiyo yote ambao hadi leo ndiyo njia ya kuingilia kwa mwanafunzi. Alifariki tarehe 22 Februari 2004 akiwa na umri wa miaka 73, na mwaka huo huo kilitoka kitabu chake na Reinhard Klette, chenye jina la *Digital Geometry*, ambamo umbali, ujirani, mpaka, mstari mnyoofu na nyuso za maumbo yenye kina vimepangwa sura baada ya sura pamoja na majina ya waliovithibitisha, na mwisho wa kila sura pana mazoezi, mengine yakiwa bado hayajapata jawabu la mtu yeyote.